Jina Nililoliacha kwenye Orodha

Mama yangu hupika udi. Watu wa Takaungu wanajua, wa Kilifi wanajua, na kwa miaka mingi hao walitosha. Sukari huchemka nyuma ya nyumba mpaka igeuke rangi, kisha yanaingia mambo ambayo siruhusiwi kuyaeleza hata humu: unga wa udi, sandali, mafuta, kila kimoja kwa zamu yake na kipimo chake. Ukikosea zamu unapata kitu kinachonuka sukari iliyoungua, kwa kuwa ndicho hicho. Ikikubali, inamwagwa kwenye sinia, inapoa, inavunjwa vipande, inatiwa mikebeni. Mtu akiweka kipande kimoja juu ya kaa la moto kwenye chetezo, nyumba nzima inapata adabu. Hayo ni maneno ya mama.

Kazi yangu ilikuwa wateja. Si kusema nao. Mimi mtu akipiga hodi huingia chumbani nikajifanya nasali, na mama huwaambia wageni, "Yumo, lakini hamtamwona. Huyu ni kama paka wa jirani." Kazi yangu ilikuwa kuwaandika. Nina daftari lenye jina la kila anayenunua, nambari yake ya simu, na kando yake maneno mawili matatu. Huyu hataki karafuu. Huyu ana pumu, apewe usio na moshi mwingi. Huyu anaoza binti mwezi wa Shaabani. Mama akiwa uani, mikono imejaa sukari, hupaza sauti, "Yule wa Mnarani alichukua upi mara ya mwisho?" nami humjibu kabla hajamaliza. Hapo husema, "Bila wewe mimi kipofu." Sijui kama yeye mwenyewe hulisikia neno lile likimtoka. Mimi nililisikia kila mara.

Wazo la tovuti nililipata nikiwa kidato cha nne, katika kipindi cha Biolojia, na nikalichora nyuma ya daftari hilohilo la Biolojia. Ukurasa wa kwanza uwe na chetezo. Ukurasa wa pili aina za udi, kila aina na maelezo yake. Wa tatu namna ya kuagiza. Nilipanga hata rangi: kahawia ya sukari inapogeuka. Nikamaliza mtihani, nikarudi nyumbani kusubiri matokeo, na kila siku nikajiambia leo nitamwonyesha mama. Nilifanya mazoezi ya kusema, "Mama, nina wazo." Nililisema bafuni, maji yakimwagika ili lisisikike. Halafu nikitoka, mama ananiambia nikalete makaa, naleta makaa.

Ndipo akaja binamu yangu.

Ni binti wa mama mkubwa, dada yake mama, wa Mombasa. Alikuwa amemaliza diploma ya kompyuta na kazi hajapata, basi mama mkubwa akamtuma kwetu apumzike. Siku ya kwanza alipumzika. Siku ya pili, tukiwa tumekaa barazani tunachambua mchele, alisema hivi, bila hata kuinua macho kwenye ungo: "Mama mdogo, udi kama huu huna tovuti?"

Mama akauliza tovuti ni ya nini.

"Duka, mama mdogo. Ila halifungwi, na mtu wa Lamu anaingia akiwa kitandani kwake."

"Aingie dukani kwangu akiwa kitandani?" Mama alicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akasema, "Haya, nifanyie."

Haya, nifanyie. Hivyo tu. Wiki na wiki za mazoezi ya bafuni, na yeye alihitaji ungo mmoja wa mchele. Najua hakuniibia. Wazo lenyewe si ajabu, watu wengi wanalo. Lakini siku ile nilikwenda kulitazama daftari langu la Biolojia, nikaona mistari niliyoipiga kwa rula, nikalisukuma chini ya godoro kama kitu nilichokiiba mimi.

Mama akaongeza jambo jioni ile ambalo ndilo lililonikaa kooni. Alisema kama kazi itatengenea, hatamwachia binamu yangu arudi Mombasa kutafuta ajira. Atabaki hapa aisimamie tovuti, wawe wawili. Wawe wawili. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nashona kifungo.

Binamu yangu anajua kupanga, siwezi kumnyima hilo. Alinunua karatasi ya manila akaibandika ukutani sebuleni, akaigawa wiki sita. Wiki ya kwanza jina la tovuti na kurasa. Ya pili picha. Ya tatu maelezo. Ya nne kuijaribu kwa watu wa nyumbani. Ya tano kuifungua. Ya sita kuitangaza, kabla msimu wa harusi haujaanza. Kila kazi ina jina la mwenye kuifanya. Mama alisimama mbele ya manila ile akasema, "Ukuta wangu umekuwa skuli," lakini nilimwona anafurahi. Jina langu lilikuwa pahali pawili. Kufunga vifurushi. Kusaidia.

Wiki ya picha ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mama hakutaka uso wake uonekane, aliogopa kijicho. Wala hakutaka sufuria ionekane. "Nikiwaonyesha sufuria leo, kesho kila nyumba ina sufuria." Binamu yangu hakubishana. Alisema basi tupige mikono tu, inayovunja udi juu ya sinia, kitambaa cheupe chini. Mimi ndiye ninayevunja udi humu ndani tangu darasa la sita. Nikanyoosha mikono, naona haya lakini nikanyoosha. Akaishika, akaigeuza juu chini kwa upole.

"Mdogo wangu, hii alama ni ya nini?"

"Sukari ilinirukia."

"Na hii?"

"Siku nyingine."

"Pole. Lakini watu wataona kovu badala ya udi." Akamtazama mama. Mama akatazama mikono yangu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akasema, "Tumia yako, mwanangu, yako ina hina."

Nilishika simu nikapiga picha. Alikuwa hajui kuuvunja. Alikuwa akiutwanga kama nazi. Picha zikatoka nzuri kabisa. Mpaka leo ukifungua ukurasa wa kwanza ni mikono yake, na mtu yeyote atadhani hiyo ndiyo mikono iliyoupika.

Ya maelezo nilipewa mimi niandike, na hapo nilijipa moyo. Niliandika siku nne. Niliandika kwamba udi wa maharusi hauharakishwi, kwamba unataka kaa lililokwisha kuvaa majivu, kwamba ule wa sandali unawafaa wazee kwa sababu hausumbui kifua. Akasoma kwenye kompyuta yake huku anakula muhogo.

"Unaandika vizuri," alisema. "Lakini ndefu mno. Mtu yuko na simu, anasoma mistari miwili anapita."

Akakata. Kilichobaki cha udi wa maharusi ni: "Kwa siku yako kubwa." Mama aliposomewa alisema maneno matamu haya.

Mimi nikikasirika sisemi, naosha vyombo. Wiki ile vyombo vyetu viling'aa.

Tovuti ilifunguliwa Jumatatu. Tulikusanyika sebuleni, mama akafukiza, akasoma dua, binamu yangu akabonyeza, na udi wa mama ukawa duniani. Siku mbili hakununua mtu. Mama akaanza kuuliza kila saa, "Wameingia wangapi?" Binamu yangu akasema ndiyo maana kuna wiki ya sita: tovuti isiyotangazwa ni duka kwenye kichochoro kisicho na taa. Tuanze na wanaotujua, alisema, kila mteja wa zamani apate ujumbe wenye kiungo, aguse aone, naye amtumie mwenzake.

Tukiosha vyombo nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ujumbe huo bora uende Alhamisi alasiri, kwa sababu usiku wa Ijumaa, unaoanza magharibi hiyohiyo, watu hufukiza majumbani na hapo ndipo wanapokumbuka kwamba mkebe umeisha. Akasema, "Kweli." Baada ya magharibi akamwambia mama, "Tutume Alhamisi, mama mdogo, watu wanafukiza usiku wa Ijumaa."

"Angalia akili hiyo," mama alisema.

Nilingoja aseme mdogo wangu ndiye aliyenipa. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Huenda alisahau. Huenda kwao Mombasa mtu akipewa neno linakuwa lake. Mimi nilikwenda kulala nikiwa na kitu kifuani ambacho sitakiita jina jingine: nilimwonea wivu mpaka nikaombea akosee. Jambo dogo tu. Jambo ambalo mama angelitazama, halafu anitazame mimi.

Alhamisi ya wiki ya sita aliketi na daftari langu akaingiza nambari zote kwenye simu ya biashara. Ujumbe ulikuwa tayari. Mama alisomewa, akaziba mdomo kwa leso, akasema una utundu kidogo lakini uende. Ulisema: "Leo ni Alhamisi. Mumeo akirudi, akute nyumba inamngoja kwa harufu. Udi wetu sasa uko mtandaoni. Gusa hapa uchague."

Kisha binamu yangu akanipa simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayewajua. Hebu ipitie orodha, kama kuna wa kutolewa."

Nikaketi kizingitini nikaipitia. Nikamtoa bibi mmoja aliyefariki mwaka uliopita. Nikamtoa mwalimu aliyehama. Nikateremka, nikateremka, nikafika kwa rafiki yake mama wa Malindi.

Huyu walisoma naye chuoni, yeye na mama, walichapwa pamoja na walihitimu Msahafu siku moja. Aliolewa Malindi. Ndiye aliyewatangazia udi wetu watu wa huko kabla ya kompyuta yoyote. Miezi miwili nyuma mumewe alikufa. Tulikwenda hitima, mama na mimi, nami nilishika birika la uji na kuwamiminia wanawake waliokaa mikekani. Tangu hapo yumo ndani, amekaa eda: miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Binamu yangu hakuwa amefika wakati huo. Na daftarini, kando ya jina lake, sikuwa nimeandika lolote. Mambo kama hayo hayaandikwi, yanajulikana.

Kidole changu kilikuwa juu ya jina lake. Niliusoma ujumbe tena kichwani. Mumeo akirudi. Nilijua kabisa. Sitaki kujitetea kwamba nilipitiwa. Nilijua, na nikajiambia ameuliza wa kutolewa, na huyu ni mteja, nambari yake haijabadilika. Halafu nikajiambia mimi si mpangaji, mimi ni Kusaidia. Nikapita.

"Iko sawa," nikasema, nikamrudishia simu.

Saa kumi ukaenda. Kabla ya magharibi oda kumi na moja zilikuwa zimeingia, na binamu yangu alikuwa akizisoma kwa sauti, moja imetoka Watamu, moja imetoka Matsangoni, mama akipiga makofi. Nilifunga vifurushi. Nilivifunga upesiupesi na mama akadhani ni furaha.

Ijumaa baada ya sala, simu ya mama ililia. Alikuwa mdogo wake yule rafiki wa Malindi. Mama aliweka sauti ya juu kwa kuwa alikuwa anakuna nazi, basi sote tulisikia.

"Dada, mimi nakuheshimu," sauti ilisema. "Lakini mwenzangu yumo ndani mwezi wa pili huu. Nyinyi mnamwandikia mumeo akirudi. Arudi kutoka wapi?"

Mama aliacha mbuzi. Alisema, "Sisi?" Kisha akaanza kuomba radhi, na yule mwanamke alisema sawa, sawa, kwa sauti ambayo haikuwa sawa, akakata.

Sijawahi kumwona mama hivyo. Hakupiga kelele. Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, akamwita binamu yangu.

"Mwanangu, yule wa Malindi alikuwemo kwenye ujumbe wako?"

Binamu yangu akatazama simu. "Alikuwemo, mama mdogo."

"Yumo edani."

Uso wake ulibadilika wote. "Sikujua. Wallahi mama mdogo sikujua."

"Hukumuuliza mtu?"

Hapo alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Alikuwa na haki ya kusema, neno moja tu, nilimpa huyu aipitie. Nilikwisha kulisikia masikioni mwangu. Akamgeukia mama, akasema, "Ni kosa langu. Nilikuwa na haraka."

Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Kwamba hata uungwana amenizidi.

Mama alisema tovuti ifungwe. Alisema biashara yake imejengwa kwa watu kuingiana majumbani, na kama kompyuta haijui nani yumo edani na nani anasubiri mtoto, basi haimfai. Akasema Jumapili atampeleka binamu yangu kwa mamake. Binamu yangu alikwenda sebuleni akaanza kubandua manila ukutani, polepole asichubue rangi. Nilikuwa nimepata kila nilichokiombea, na wali sikuweza kuumeza.

Jumamosi mama alisema tunakwenda Malindi, yeye na mimi. "Wewe anakujua. Yule mwenzako nimemwacha, aibu imemtosha." Tatizo likawa nguo. Nguo zetu zote zinanukia. Uzifue mara tatu, ukizianua bado ni udi. Huwezi kuingia kwa mwanamke aliyemo edani ukiwa unanukia kama chumba cha harusi, tena kwa radhi kama ile. Mama akaenda kwa jirani yetu, mwalimu kutoka bara, akaomba tuazimwe.

"Mnaenda sherehe?" mwalimu akauliza.

"Tunaenda kuomba msamaha."

"Basi chukua hili la kanisani, mama. Ndilo lenye heshima."

Kwa hiyo mama alikwenda Malindi na gauni la kanisani la rangi ya samawati chini ya leso za kuazima, nami na sketi ndefu iliyofungwa kwa pini kiunoni. Njia nzima tulinuka sabuni ya kipande.

Rafiki yake alikuwa amekaa chumba cha ndani, juu ya mkeka, nguo nyeupe zisizo na ua hata moja. Alikuwa amekonda. Nikamwinamia nikamwambia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akanishika kichwa. Kisha akamtazama mama juu mpaka chini.

"Hii nguo ni ya nani?"

"Ya jirani."

"Nikasema. Tangu chuoni hujawahi kuvaa samawati ukapendeza."

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Akaanza: ni mtoto wa dada yangu, mgeni, hajui, nimemkanya, tovuti nimeifunga, namrudisha kwao kesho. Aliyasema yote mbiombio kama mtu anayetua mzigo.

Rafiki yake alisikiliza. Kisha akasema, "Mimi sikukasirika. Mdogo wangu ndiye aliyekasirika. Mimi simu ililia, nikasoma mumeo akirudi, na kabla sijafikiri nikatazama mlango." Akauelekezea kidole. "Nilitazama mlango, shoga yangu. Hilo tu. Baadaye ndiyo nikalia."

Nje mtu alikuwa akichanja kuni.

"Mtoto wa watu usimrudishe," aliendelea. "Hakujua. Asiyejua utamfanya nini?"

Mimi sikupanga. Mtu kama mimi hajitokezi na neno mbele ya watu wazima hata akiulizwa. Lakini niliona mlango ule aliousema, pazia lake la kijani, na nikasikia sauti yangu.

"Mimi nilijua."

Mama akageuka. "Ulijua nini?"

"Nilipewa orodha niipitie. Nikaliona jina." Nilikuwa nikiutazama mkeka. "Nikaliacha."

"Ukasahau," mama alisema. Hakuuliza, alisema. Alikuwa ananipa njia ya kutokea, na ilikuwa rahisi kuishika.

"Sikusahau. Nilitaka yeye akosee."

Nilidhani nitapigwa. Mama aliutoa mkono wake uliokuwa karibu na goti langu akauweka juu ya lake. Rafiki yake ndiye aliyenitazama, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi.

"Hayo ni ya wake wenza, mwanangu," alisema. "Si ya mtu na dadake." Kisha: "Na mimi uliniweka katikati."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado."

Hilo ndilo jibu lililonipa heshima kuliko yote niliyowahi kupewa, na ndilo lililoniuma. Mpaka sasa sijui kama amekwisha kunisamehe. Eda yake imekwisha na udi ameshaagiza tena, lakini nambari iliyoagiza ni ya mdogo wake.

Njia ya kurudi mama hakusema nami. Tulipofika aliniambia jambo moja, "Nenda kamwambie mwenyewe," akaingia kubadili nguo.

Binamu yangu alikuwa anafunga begi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Nilimwambia yote: kidole, ujumbe, neno la Alhamisi, hata daftari la Biolojia. Aliacha kukunja nguo.

"Mimi nilidhani lilikupita," alisema. "Ndiyo nikanyamaza. Nikasema mtu amepitia majina mia na kitu, moja likimpita si dhambi."

"Halikunipita."

"Nimesikia."

Nilimngoja aseme mengine. Akachukua gauni lililokuwa juu ya begi akalitundika tena kwenye msumari, halafu la pili. Ndivyo nilivyojua hataondoka. Mama alikuwa ameshamwambia, au aliamua mwenyewe, sijui. Alipofika gauni la tatu akaniambia, bila kunitazama, "Kama ulikuwa na mchoro ungenionyesha. Rangi ya ukurasa wa kwanza ilinisumbua siku mbili." Kisha akaniomba nitoke, ataka kupumzika.

Tovuti ilifunguliwa tena wiki iliyofuata. Anaisimamia yeye. Neno la siri limebadilishwa na mimi sijaambiwa jipya, wala siulizi. Manila imerudi ukutani, imekunjika pembe, na kuna mstari umeongezwa kwa wino mwekundu: kabla ya ujumbe wowote, orodha isomwe mbele ya mama. Si mbele yangu.

Basi kila Jumatano alasiri huketi wawili sebuleni, na mimi niko uani na sufuria. Binamu yangu husoma jina, mama hujibu. Huyu apewe. Huyu mwache, mwanawe anaumwa. Huyu apewe. Dirisha liko wazi na mimi kila jina nalijua kabla mama hajafungua mdomo, na hilo linaniunguza kuliko sukari. Wanacheka mle ndani. Wana vichekesho vyao sasa.

Jumatano iliyopita walifika kwa mama mmoja anayeuza vitambaa. Mama akasita. "Huyu... alikuwa Kilifi huyu. Au alihama?"

"Sijui, mama mdogo. Nimtumie?"

Nilijua. Alihamia Jilore kwa binti yake baada ya kuvunjika nyonga, na simu ile sasa anayo mjukuu wa kiume wa miaka kumi na tano, ambaye ujumbe kuhusu waume na harufu angeusoma mbele ya darasa zima. Nilikoroga. Sukari ilikuwa karibu kugeuka na huwezi kuiacha wakati huo. Hakuna aliyeniuliza. Wangemtumia, na kesho kosa lingekuwa lao.

"Huyo kahamia Jilore," nikasema, kwa sauti ya kutosha kupita dirishani. "Simu anayo mjukuu. Mtoeni."



"Ahsante," binamu yangu akasema, na akasoma jina linalofuata.